Kiti cha Anayeumia

Kwenye ile ofisi ya ghorofa ya pili, kazi ya kulia ilikuwa na mwenyewe. Wengine walikuwa na kazi zao. Kulikuwa na Wakili, kiongozi wa timu, ambaye kweli aliwahi kuwa wakili na mpaka leo alikuwa akiongea kama yuko mbele ya hakimu. Kulikuwa na Takwimu, bwana wa mahesabu, ambaye hata ukimwambia nje kunanyesha atakuuliza umepima kwa kipimo gani. Na kulikuwa na Machozi. Kwenye kitambulisho alikuwa na jina jingine kabisa, lakini hata mlinzi wa getini alishalisahau.

Usicheke. Jina hilo alilipata kwa jasho lake. Ofisi ile ilikuwa inakagua miradi ya akili bandia: mashine za kuamua nani aitwe kwenye usaili, mgonjwa yupi aonwe kwanza, mwanafunzi gani ameiba mtihani. Kampuni ikitaka cheti cha kuaminika inaleta mashine yake pale, na mashine inapitishwa kwenye chombo chao walichokiita Mzani. Mzani wenyewe ulikuwa maswali, tena maswali ya kuichosha roho. Data mmeitoa wapi? Wenye data wanajua? Mashine ikikosea, nani anawajibika? Kila jibu linapewa rangi, kijani, njano au nyekundu, na mwisho rangi zinajumlishwa kuwa moja. Sasa zamani kidogo, kabla Machozi hajaajiriwa, mtu mmoja mwenye akili zake akauliza: jamani, haya maswali yote tunawauliza wenye mashine, mbona hatumuulizi hata siku moja yule itakayemuumiza?

Swali zuri. Jibu lake ndilo lililokuwa kichekesho. Kuwaleta watu wenyewe wakaona ni usumbufu: watachelewa, watakuja na watoto, watasimulia mambo yasiyohusika. Basi badala ya watu wakaleta kiti. Kiti cha plastiki cha bluu, kimetolewa kantini, kinawekwa mwisho wa meza, na mkaguzi mmoja anakikalia na kuzungumza kama ndiye aliyeumizwa na mashine. Masharti yalikuwa machache. Ukiwa kitini unasema "mimi", hutoki nje ya mtu wako, na hakuna wa kukukatiza. Ukishainuka, kiongozi anakuuliza swali la mwisho: umetoka kitini, habari yako? Swali hilo liliongezwa baada ya mkaguzi mmoja kuigiza mama aliyepotelewa na mtoto, akarudi nyumbani akashindwa kula. Likaandikwa kabisa kwamba mtu akijibu kuwa hayuko sawa, Mzani haufungwi mpaka asikilizwe upya. Ni sharti la maana sana, na tangu liwekwe hakuna aliyewahi kulitumia. Mtu anaulizwa habari yake, anasema nzuri, Wakili anaweka alama, wanakwenda kunywa chai.

Machozi alipokalia kiti mara ya kwanza alikuwa mjane aliyenyimwa pensheni kwa sababu mashine ilimwona bado ana mume. Alilia. Hakujilazimisha, yalikuja tu, mpaka mkurugenzi wa kampuni ile akatoa leso yake na rangi ikageuka kutoka kijani kuwa nyekundu pale pale. Tangu siku hiyo kiti kikawa chake. Amekuwa kipofu, amekuwa mkimbizi, amekuwa dereva aliyefukuzwa kazi na kompyuta. Alivilia vilio vya watu ambao hakuwahi kuwaona, akavilia vizuri, akasifiwa. Kisha mama yake mzazi akafa, na jicho likawa kavu kama ukuta.

Mama alianguka jikoni. Walikuwa wakiishi wawili, yeye na mdogo wake, ambaye Machozi amemwita mama mdogo tangu ajue kuongea. Siku hiyo mama mdogo alikuwa amekwenda kumwona mjukuu wake, akalala huko. Aliporudi kesho yake alikuta maji yamefika mlangoni, bomba liko wazi, na dada yake amelala sakafuni ubavu mmoja, bado anapumua lakini hasemi. Nyonga ilikuwa imevunjika na damu ilikuwa imevujia ndani. Daktari alisema maneno ambayo madaktari wanatakiwa wafundishwe kutoyasema: angewahishwa mapema, pengine. Hakufika mwisho wa wiki.

Na ukutani, juu ya sinki, kilikuwepo kiboksi cheupe kiitwacho Jirani. Kilikuwa kimewekwa kwa majaribio kwenye nyumba za wazee wa mtaa ule, kazi yake kusikiliza. Kikisikia kishindo kinauliza, na mambo yakiwa mabaya kinampigia ndugu na muuguzi. Hakikumpigia mtu. Machozi alipowauliza wenye kifaa, akaambiwa kwa upole kwamba kumbukumbu hazionyeshi tatizo lolote lililogunduliwa siku hiyo. Akaelewa kwamba hakikusikia. Labda umeme ulikatika, labda mtandao. Hakugombana na mtu. Kugombana kunataka moto ndani, na ndani yake hakukuwa hata na jivu.

Kwenye mazishi alisimama na macho yake makavu, watu wakaona. Wifi yake mmoja, ambaye ulimi wake haujawahi kupewa likizo, alisikika akinong'ona kwamba kazini analia kwa mshahara, hapa pa bure hataki. Machozi alisikia. Alitamani limuume. Liliingia sikio hili likatokea lile, akaendelea kushika mkono wa mama mdogo na kuwajibu waliokuja kumpa pole. Asanteni, nimeshapoa. Habari za nyumbani? Nzuri.

Likizo ya msiba ikaisha, akarudi kazini. Watu wakampa pole kwenye ngazi, kwenye korido, mlangoni kwa choo. Wakili alimshika bega akamwambia kama hajawa tayari aseme, kazi haikimbii. Akasema yuko tayari. Akaingia chumba cha mikutano, akaweka mkoba, na hapo juu ya meza, katikati ya chupa za maji, akakiona kile kiboksi cheupe.

Alikiangalia. Kumbe ni wewe, alisema moyoni. Akangoja kitu kije, hasira, woga, chochote, hakikuja. Alijua anatakiwa amwite Wakili pembeni amwambie kwamba kitu hiki kilikuwa jikoni kwa mama yake. Alijua kabisa, na alikuwa karibu kuinuka. Lakini mwakilishi wa kampuni alikuwa ameshasimama kuanza, na Machozi akaona kumkatiza mtu aliyesimama ni kazi kubwa kuliko nguvu alizokuwa nazo. Akabaki amekaa.

Mwakilishi alikuwa mwanamke mchangamfu, wa umri wake, aliyevaa vizuri bila kujionyesha. Si mtu mbaya, tusimsingizie. Bibi yake mwenyewe alifia peke yake chumbani, na ndiyo maana aliingia kwenye kazi hii. Alilisema hilo na sauti ikamtetemeka kidogo. Akaeleza kwamba vifaa vya namna hii vinashindwa kwa sababu ya kelele. Sufuria ikianguka, kifaa kinaita muuguzi. Paka akiruka, kinaita muuguzi. Wazee wanachoka, wanavizima, na siku ya siku inafika kifaa kimezimwa. Jirani hakikurupuki. Jirani kinauliza kwanza, tena kwa lugha ya mtu, kwa adabu. Mteja akithibitisha kwamba yuko salama, shauri linafungwa na hakuna anayesumbuliwa. Asilimia ya usumbufu ilikuwa imeshuka mpaka Takwimu akanyanyua nyusi, na kwa Takwimu huko ni kupiga vigelegele.

"Naomba msikilize mmoja," mwakilishi akasema. "Tumeficha jina. Huyu ndiye ninayempenda kuliko wote."

Akabonyeza. Kwanza kikasikika kishindo, si kikubwa. Halafu sauti ya kiboksi, ya kike, ya taratibu: habari yako, mama? Uko salama? Kikapita kimya kifupi. Nyuma ya kimya hicho kulikuwa na maji yanatiririka. Kisha mama yake Machozi akajibu.

"Salama, mwanangu, nashukuru. Sijambo. Sijui wewe?"

Asante, kikasema kiboksi. Siku njema. Na sauti ikaishia hapo.

Chumba kizima kilitabasamu. Wakili alisema jamani wazee wetu, mpaka mashine wanaijulia hali. Hata Takwimu alicheka. Mwakilishi akasema unaona, ndiyo maana nampenda.

Machozi alikuwa anasikiliza maji. Mama yake alikulia kwenye kuteka maji mbali na kubeba kichwani, na maisha yake yote bomba likiachwa wazi hata kidogo alikuwa anainuka kwenye chakula kwenda kulifunga. Mama hakuwahi kusimama karibu na bomba lililo wazi akapiga soga. Kama alikuwa anaongea na maji yanamwagika, basi ni kwamba hawezi kulifikia. Kilisikia, basi. Kilisikia, kikamuuliza, akajibu. Alijibu alivyojibu siku zote, alivyomfundisha na Machozi kujibu tangu utotoni: mtu akikuuliza habari, kwanza unamwitikia, unamshukuru, unamuuliza na yeye. Ndipo anasema "ehe", na wewe unaanza, ila sasa mwenzangu, nimeanguka. Mama alikuwa chini, mfupa umevunjika, anangoja aambiwe "ehe".

Kiboksi kilimtakia siku njema.

"Machozi," Wakili akasema, "kiti."

Miguu ikamchukua. Alikaa kwenye plastiki ya bluu, akaweka mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza hakutafuta mtu wa kuigiza. Hata hivyo masharti ni masharti. Ukiwa kitini husemi mama yangu. Unasema mimi.

"Mimi ndiye huyo mliyemsikia," alisema. "Niko sakafuni. Nyonga yangu imevunjika, siwezi kugeuka. Bomba liko juu yangu na maji yananiingia mgongoni. Kuna mtu ameniuliza habari yangu, nimemjibu salama, kwa sababu ndivyo mtu anavyojibu. Nilikuwa sijamaliza. Nilimuuliza na yeye hali yake ili tuendelee. Ameniambia siku njema. Mdogo wangu anarudi kesho. Nimeita tena lakini sauti yangu si kishindo, kwa hiyo hakuna anayeniuliza mara ya pili."

Sauti yake ilikuwa imetoka moja kwa moja, bila kupanda wala kushuka, kama ya mtu anayesoma namba za simu. Hakuna chozi lililotoka. Aliyangoja, maana hata yeye alishazoea kwamba kitini yanakuja, na leo kwa huyu yangekuwa na haki kuliko kwa wote. Macho yakabaki yakiangalia chupa za maji.

Mwakilishi alikuwa ameshika kifua. Alisema hilo hawakuwahi kulifikiria, na kwamba ni ubunifu wa ajabu kuichukua sauti ile ile na kuigeuza hivyo. Ubunifu. Machozi alilisikia neno hilo na hakulifanya kitu. Takwimu aliuliza kama kuna shauri lolote kama hilo kwenye majaribio. Mwakilishi akafungua kompyuta, akatafuta kwa uaminifu wake wote, akasema hakuna. Mashauri yote yaliyojibiwa salama yamefungwa kama salama. Ndivyo alivyosema, na chumba chote chenye shahada zake hakuna aliyeshtuka.

Takwimu akasema basi kiti kimeleta uwezekano, hakijaleta ushahidi. Wakakipa njano kwenye kipengele kimoja, pamoja na ushauri kwamba siku zijazo kifaa kiongezewe namna nyingine za kuuliza. Njano moja kati ya kijani nyingi haizuii kitu. Mtu mmoja wa upande wa kampuni, akikusanya waya, alisema kwa utani kwamba wamepona, walisikia ofisi hii ina mama mmoja akilia tu mradi umekufa. Wakili akacheka kidogo, akasema leo kweli kiti kimekuwa kikavu. Hakusema kwa ubaya. Halafu akakumbuka msiba, akajikohoza, akageuka kumuuliza swali la mwisho kwa heshima zote.

"Haya, umetoka kitini. Habari yako?"

"Nzuri," Machozi akasema.

Wakili akaweka alama. Kijani.

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi alipolisikia alilolisema. Alisimama ameshika ukingo wa ngazi, watu wakampita. Neno lile lilikuwa limetoka lenyewe, kabla hajalifikiria, kwa sauti ya mama yake.

Jioni hiyo Machozi alipofika kwa mama mdogo, alimkuta jikoni anachambua mchele kwenye sinia. Tangu abaki peke yake alikuwa anashinda jikoni, na usiku alilala taa zinawaka zote, mwenyewe akisema ni kwa ajili ya mbu. Juu ya sinki kiboksi kilikuwa bado pale pale, taa yake imezimwa. Majaribio yaliisha, na kikipata cheti kitawashwa huko huko kwenye kampuni, wenyewe hawana haja ya kuja. Mama mdogo alikuwa anakisubiri. Alishamwambia Machozi zaidi ya mara moja: kazi ya kuvipima hivi si yako? Ukiniambia ni kizuri, mimi nalala.

Sasa Machozi alipomwambia kwamba leo wamekipima, aliinua kichwa na la kwanza kuuliza ni kama kimepita.

"Kimepita," Machozi akasema.

Mama mdogo alishusha pumzi mpaka mabega yakateremka. Akasema afadhali, afadhali mwanangu, maana anajitia hamnazo tu lakini nyumba hii inamtisha, usiku friji likikohoa anafikiri ni dada anaita. Akaanza kupanga atakavyokiambia asubuhi njema, atakavyokipangusa vumbi. Machozi alikwenda kwenye sinki, akafungua bomba kiasi, akarudi nyuma akachuchumaa pale chini ambapo sakafu ilikuwa imebadilika rangi kwa maji. Alisikiliza. Ilikuwa sauti ile ile.

Mama mdogo akamuuliza anafanya nini, funga bomba hilo.

"Kilisikia," Machozi akasema. "Siku ile. Kilisikia akianguka, kikamuuliza yuko salama. Leo wametuwekea sauti yake. Alijibu salama, nashukuru, sijambo, sijui wewe. Kikakata."

Mama mdogo aliweka sinia chini. Mchele ulimwagika kidogo na hakuujali. Machozi akadhani atapiga ukelele, atakilaani kiboksi, atailaani kampuni. Lakini mama mdogo alipopata sauti, aliitoa kwa kushangaa tu.

"Sasa ulitaka ajibuje?"

Akaendelea, zaidi kwa nafsi yake. Mtu kakuuliza habari yako kwa adabu, wewe umrushie nyonga yako usoni hata hujamwitikia? Dada yake hakuwa mtu wa namna hiyo. Hata pale hospitali, mdomo umeshakuwa mzito, muuguzi alipomuuliza habari za asubuhi alijitahidi. Wewe hukumwona alivyojitahidi?

Machozi alikuwa amemwona. Alikuwa amelisahau, na sasa likarudi, ule mdomo ukilitafuta neno.

Alivuta kiti cha jikoni akakaa mbele ya mama mdogo. Alimwambia kwamba kitawashwa wiki ijayo, hakuna namna, na kwa hiyo lazima ajifunze. Wakakubaliana Machozi awe kiboksi. Alimwambia afikirie ameanguka, yuko chini, ameumia. Mama mdogo akafumba macho akaumia kwa bidii.

"Habari yako, mama? Uko salama?"

"Salama," mama mdogo akasema, na papo hapo akajipiga kiganja mdomoni.

Wakarudia. Safari hii alisema salama, lakini, na Machozi akamwambia hapo kimeshakata. Wakarudia tena. Mama mdogo alikaza uso, akabana midomo, akafikia kusema si, na lile si likamteleza likawa sijambo. Wakacheka wote wawili, kicheko cha pua, na kikaisha upesi kwa sababu wote waliona pamoja kitu kilekile: kwamba atakufa. Siku akianguka atakufa kwa adabu zake, kama dada yake, na juu yake kutakuwa na kiboksi chenye cheti.

"Mimi nimekula chumvi nyingi, siwezi kubadilika," mama mdogo akasema. Akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Haya, tuseme nitajifunza. Na wewe je? Habari yako?"

"Nzuri."

Mama mdogo alimwangalia tu, kwa lile jicho alilokuwa akimwangalia nalo utotoni, Machozi akidai ameshanawa mikono.

"Umemzika mama yako," alisema mwishowe. "Nzuri gani?"

Bomba lilikuwa bado linatiririka. Machozi alitoa simu kwenye mkoba, akampigia Wakili. Wakili alipokea upesi. Nyuma yake kulisikika televisheni na watoto. Alisema habari za jioni, Machozi, kulikoni, akiharakisha kwa wema, na Machozi akahisi neno limeshajipanga tayari nyuma ya meno. Akalimeza. Ilikuwa kama kumeza kokwa.

Hakuitikia salamu. Alimuuliza kama ripoti ya Jirani imeshatumwa. Wakili akasema inakwenda kesho asubuhi, kwa nini.

"Niulize tena swali la mwisho."

Wakili alicheka kidogo, bila kuelewa. Akamwambia Mzani umeshafungwa, alishajibu, alama ameiweka mwenyewe. Kama kuna kitu cha kiufundi wataongea kesho na Takwimu. Kama ni uchovu, apumzike, aliharakishwa mno kurudi, na hilo anajilaumu yeye kama kiongozi. Alikuwa mtu mwema, Wakili, na maneno yake mema yalikuwa mengi, na kila moja lilikuwa linamtakia siku njema.

"Niulize," Machozi akasema.

Televisheni ikapunguzwa sauti huko. Wakili akakohoa.

"Umetoka kitini. Habari yako?"

Mama mdogo alikuwa amemshika goti. Machozi aliangalia kile kiboksi, akaangalia sakafu.

"Mbaya," alisema.

Halikuwa neno kubwa, lakini lilimtoka kwa shida kuliko kilio chochote alichowahi kukilia mbele za watu. Alijua kinachofuata. Mtu ukimjibu hivyo hajui pa kushika. Atasema pole, atasema Mungu atajalia, atasema kesho, atakata. Aliishikilia simu sikioni akingoja akatwe. Wakili, mtu ambaye hakuwahi kupungukiwa na maneno tangu aitwe wakili, hakuwa nayo. Alisikika tu akivuta kiti, akikaa.

"Ehe," akasema.

Machozi akafungua mdomo. Sauti ile iliyonyooka ilikuwa imekatika, na iliyobaki ilikuwa inatetemeka mpaka ikabidi aanze mara mbili.

"Ile sauti mliyoicheka," alisema, "ni ya mama yangu."

Mama mdogo aliinuka taratibu akishika meza, akaenda kufunga bomba.